Nyumba Iliyobomolewa Ikarudishwa

Siku ya Jumatano, tarehe 8 Aprili 2015, siku chache baada ya Sikukuu ya Pasaka, mashine ya kubomolea iliingia katika barabara ya Carlton Vale, mtaa wa Maida Vale, mjini London. Ilikuwa imekuja kuivunja baa ya zamani iitwayo Carlton Tavern. Wenyeji waliotoka nje waliona paa limekwisha kushuka, kuta zimepasuka, na vyombo vya ndani vimefunikwa na kifusi. Hapakuwa na kibali cha kuibomoa. Wenye jengo hawakuwaambia majirani, wala hawakungoja neno la halmashauri. Walidhani kwamba jambo likisha kutendeka halina dawa, na kwamba faini, kama itatozwa, italipwa kwa faida ya nyumba zitakazojengwa mahali pale.

Miaka sita baadaye, mwezi wa Aprili 2021, mahali palepale palifunguliwa milango ya Carlton Tavern. Ilikuwa na ukubwa uleule, sura ileile, vigae vilevile vya rangi ukutani, na ndani yake meko na dari zilizorudishwa kama zilivyokuwa. Na aliyetwikwa gharama ya kuijenga ni yuleyule aliyeibomoa.

Ndugu wasomaji, twaiandika habari hii ya mbali katika safu hii kwa sababu ndani yake mna fundisho ambalo mwanachama na mfanya kazi yeyote, popote alipo, atalitambua upesi. Mali ya watu wengi haiokolewi na sheria peke yake. Huokolewa na watu waliojipanga mapema, wakaandika, wakahesabu, wakakesha, kisha wakaishika sheria mkono na kuiongoza mpaka mwisho wa safari.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Waingereza wana nyumba ya kunywea bia waiitayo "pub". Jina hilo ni kifupi cha maneno mawili yenye maana ya nyumba ya umma. Si hoteli, kwa maana wengi hawalali humo. Wala si klabu, kwa maana haihitaji mtu kuwa mwanachama. Ni chumba cha mtaa chenye kaunta, viti, meko ya kuotea moto wakati wa baridi, na mlango unaofunguliwa kwa apitaye njiani. Katika nchi ile yenye majira ya baridi, ambako mfanya kazi wa zamani alikaa na watoto wake katika chumba kimoja au viwili, nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa sebule yake. Humo alisikia habari za kazi, humo alichanga fedha za maziko, humo alikutana na wenziwe kuzungumza mambo ambayo msimamizi hakupaswa kuyasikia.

Carlton Tavern ilijengwa mwaka 1920 na 1921 kwa ajili ya Charrington, kampuni kubwa ya kutengeneza bia. Mchoraji wake alikuwa Frank J. Potter. Ilijengwa kushika nafasi ya baa iliyoharibiwa na bomu la Wajerumani mwaka 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza. Ilipokuja vita ya pili, na ndege za Kijerumani zikaumwagia mji wa London moto usiku baada ya usiku, nyumba hii ilipona. Jambo lililoifanya iwe ya pekee ni kwamba katika karibu miaka mia moja haikubadilishwa sana. Baa nyingi za Uingereza zimekwisha kung'olewa matumbo yake: vyumba vimeunganishwa, mbao zimetupwa, vigae vimepakwa rangi, na sanduku la muziki limewekwa palipokuwa na meko. Hii ilibaki na vyumba vyake, dari zake zenye nakshi za plasta, vigae vyake na jina la mtengeneza bia lililofinyangwa juu yake.

Basi kampuni iliyoinunua iliitazama nyumba hiyo kwa jicho la mfanya biashara ya ardhi. Ardhi ya London ni ghali mno, na fleti kumi huleta fedha kuliko glasi za bia. Kampuni ikapeleka ombi, na mwezi wa Januari 2015 halmashauri ya Westminster ikalikataa. Wakati huohuo idara ya taifa inayoshughulika na majengo ya kale ilikuwa ikikaribia kutoa shauri kwamba nyumba hiyo iandikwe katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Mwenye mali akaona muda unamponyoka. Jumatatu ya Pasaka mama aliyeiendesha baa akaambiwa aifunge ili vitu vihesabiwe. Siku mbili baadaye ikaja mashine.

Hapo ndipo wajanja walipokosea hesabu. Majirani walikuwa wamekwisha kunusa hila. Miezi kabla ya ubomoaji walikuwa wameiendea idara ile ya majengo ya kale na kuomba ije kuitazama nyumba yao. Picha zikapigwa za kila upande, maandishi yakafanywa, na nakala za plasta zikachukuliwa kutoka katika vigae. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba hii ilikuwa na daftari lake. Kwa hiyo mwenye kampuni hangeweza kusimama mbele ya halmashauri akasema, "Ningependa kuirudisha, lakini nani ajuaye ilikuwaje?" Watu walijua ilikuwaje, na walikuwa nayo katika karatasi na katika plasta.

Halmashauri ya Westminster ikatoa amri kwamba nyumba ijengwe upya, tofali kwa tofali, kama ilivyokuwa. Kampuni ikakata rufani. Mwaka 2016 shauri likasikilizwa hadharani, wenyeji wakaenda kusema yao, na mwezi wa Julai mkaguzi wa serikali akaithibitisha amri. Kifusi kikachambuliwa, na vitu vilivyoweza kuokolewa vikarudishwa mahali pake. Kisha, nyumba ilipokwisha simama, wenyeji hawakulala. Walidai ifunguliwe kuwa baa kweli, isije ikawa ganda tupu la kutazamwa. Nayo ikafunguliwa.

Twajua kwamba wako ndugu watakaouliza kwa haki: Je, chama cha wafanya kazi na wakulima kinasifu nyumba ya pombe? Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa kwamba mlango wa baa ni mlango wa maangamizi, na hatukufundishwa uongo mtupu. Historia ya Uingereza yenyewe yatoa ushahidi. Katika bandari ya London, watu waliopakua makaa ya mawe kutoka melini walikuwa hawapati kazi ila kwa mkono wa wenye baa. Asiyekunywa hakuandikwa, na aliyeandikwa alikatwa deni la pombe katika ujira wake. Ilihitajika sheria ya Bunge, mwaka 1843, kuanzisha ofisi ya kuwaandikia kazi watu hao ili watoke katika mtego ule. Kadhalika yalikuwako mazoea ya kulipa mishahara ndani ya baa. Mfanya kazi alipokea fedha yake mbele ya kaunta, na nusu yake ikabaki palepale, huku mama na watoto wakingoja unga nyumbani. Mazoea hayo yalipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1883.

Hayo ni kweli, nasi hatuyafichi. Lakini kweli nayo ina upande wa pili. Mwezi wa Januari 1792 fundi viatu mmoja, Thomas Hardy, alikutana na wenziwe wachache katika baa iitwayo Bell, karibu na barabara ya Strand mjini London. Usiku ule walianzisha chama kilichoitwa London Corresponding Society, kilichodai kwamba kila mtu mzima mwanamume awe na kura, awe tajiri asiwe tajiri. Ada yao ilikuwa peni moja kwa juma. Serikali iliona hatari katika peni hiyo. Mwaka 1794 Hardy alishtakiwa kwa uhaini, na baraza la wazee wa mahakama likamwachilia. Kwa nini walikutana katika baa? Kwa sababu fundi viatu hakuwa na ukumbi. Kasri lilikuwa la mfalme, bunge la wenye mashamba, na kanisa la askofu. Chumba cha baa ndicho kilichokuwa tayari kumpokea mtu mwenye peni moja.

Basi nyumba ileile iliyokuwa mtego wa ujira wa mfanya kazi ilikuwa pia kiota cha madai yake. Akitaka mtu kubomoa kwa sababu ya lile la kwanza, na asikilizwe. Lakini aliyeibomoa Carlton Tavern hakufanya hivyo kwa kuchukia ulevi. Alibomoa kwa kupenda fedha. Haifai kumkopesha hoja ya dini mtu asiyekuwa nayo.

Sasa tuingie ndani tutazame, kwa maana ubishi mkubwa uko ndani. Watu husema kwamba ndani ya baa za kale mna uzuri. Ni kweli. Mjini Liverpool iko baa iitwayo Philharmonic Dining Rooms, iliyojengwa kati ya mwaka 1898 na 1900 na mchoraji Walter W. Thomas kwa ajili ya Robert Cain, mtengeneza bia wa mji huo. Mbao za mkangazi zilizochongwa, mabamba ya shaba yaliyofuliwa kwa nyundo, na sakafu za vijiwe vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja, hata choo cha wanaume kikawekewa marumaru. Mwaka 2020 iliwekwa katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa, daraja wapewalo makanisa makuu na makasri. Sisi twaona kwamba heshima hiyo ni ya haki, na kwamba si ya mwenye kiwanda cha bia tu. Ni heshima ya seremala, mwashi, mfua shaba na mpanga vijiwe, ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa ukutani, lakini mikono yao ingali inaonekana.

Lakini tazama tena kwa jicho la mfanya kazi. Si mbali na Carlton Tavern, katika mtaa uleule wa Maida Vale, iko baa nyingine iitwayo Prince Alfred, ya karne ya kumi na tisa. Kaunta yake imezungukwa na vyumba vidogo vilivyotengwa kwa mbao na vioo vya nakshi. Katika kuta hizo za mbao mna vimilango vifupi sana, mtu mzima hupita kwa kuinama. Tena mna vioo vidogo vilivyofungwa juu ya kaunta, vinavyozunguka kama dirisha, ili bwana aliyeketi upande ule aweze kuagiza kinywaji bila kuonwa uso na wanaomhudumia au na watu wa vyumba vingine. Ndivyo zilivyokuwa baa nyingi. Chumba cha wafanya kazi kilikuwa na sakafu tupu na bia ya bei nafuu. Chumba cha mabwana kilikuwa na zulia, viti vya kitambaa na bei ya juu zaidi. Bia ilitoka katika pipa moja, lakini wanywaji hawakutakiwa kuonana. Jina lilikuwa nyumba ya umma, na umma wenyewe umekatwa vipande.

Na ubao uliotenga tabaka haukuchelewa kutenga rangi. Baada ya vita ya pili, watu wa India, Pakistani na visiwa vya Karibi walipokwenda kufanya kazi katika viwanda vya Uingereza, wengi walikuta milango ya baa imefungwa mbele yao, au wakaruhusiwa chumba kimoja na kukatazwa kingine. Tarehe 12 Februari 1965 Malcolm X, Mmarekani mweusi aliyejulikana duniani kote, alikwenda katika mji wa Smethwick, karibu na Birmingham, kwa mwaliko wa chama cha wafanya kazi wa Kihindi. Wakaingia pamoja katika baa iitwayo Blue Gates. Katika chumba cha kuvutia sigara walikataliwa kuhudumiwa, wakanywa katika chumba cha watu wa kawaida. Siku tisa baadaye Malcolm X aliuawa kwa risasi mjini New York. Mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi katika mahali pa watu wote, baa na hoteli zikiwamo. Wazee wetu waliosimamishwa mlangoni mwa hoteli za wakoloni hapa kwetu wataielewa habari hii bila mkalimani.

Basi, je, tuhifadhi ubao uliotenga watu? Twajibu: naam, na uhifadhiwe, lakini uhifadhiwe pamoja na habari yake. Ubao ukiondolewa, mjukuu ataambiwa kwamba watu wa zamani walikaa pamoja kwa furaha wakiimba, naye ataamini, kwa kuwa hana cha kumkanusha msemaji. Ubao ukibaki, ataugusa kwa mkono wake, atauliza ulikuwa wa nini, na hapana budi mtu amjibu. Kosa la wapenda mambo ya kale wengi ni kwamba huusugua ubao mpaka unang'aa, kisha hunyamaza juu ya kazi yake. Hilo twalikataa. Kuhifadhi si kupamba. Kuhifadhi ni kushuhudia, na shahidi anayesema nusu ya aliyoyaona si shahidi.

Iko hoja nyingine tuliyoisikia, nayo yataka jibu. Wasema: nyumba iliyojengwa upya si ya kale. Tofali la mwaka 2020 haliwi la mwaka 1920 kwa amri ya halmashauri. Hiyo nayo ni kweli, na hatudai kinyume. Kilichovunjwa kimevunjika, na hakuna plasta iwezayo kurudisha alama za viatu vya wazee waliokwisha kufa. Lakini amri ile haikutolewa kwa ajili ya tofali peke yake. Ilitolewa ili mwenye mashine ya kubomolea ajue kwamba uharibifu hauna faida. Kama angetozwa faini na kuachiwa kiwanja, kila mwenye mali angejifunza kwamba sheria ina bei, na kwamba tajiri aweza kuinunua. Alipoambiwa aijenge nyumba ileile, kwa fedha yake, aone mwisho wa kazi yake ni kurudi pale alipoanzia, ndipo msumeno wa sheria ulipoonekana kwamba hukata mbele na nyuma.

Na mfano huo haukubaki London. Katika wilaya ya Staffordshire Kusini ilikuwako baa iliyojulikana kwa jina la Crooked House, nyumba ya karne ya kumi na nane iliyokuwa imelala upande mmoja kwa sababu ardhi chini yake ilikuwa imetobolewa na machimbo. Mwezi wa Agosti 2023, siku chache baada ya kuuzwa, iliungua moto, na kabla ya siku mbili kwisha ikavunjwa yote. Watu walipopiga kelele, halmashauri haikusema kwamba haijui la kufanya. Mwezi wa Februari 2024 ilitoa amri kwamba nyumba ijengwe tena. Wenye mali walikata rufani, kama ilivyo haki yao. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba amri ya namna hiyo haijapata kuonekana katika nchi ile. Njia ilikuwa imekwisha kufyekwa na majirani wa Carlton Vale.

Kadhalika Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2017, na tangu hapo hakuna baa katika Uingereza inayoruhusiwa kubomolewa bila kuombewa kibali. Zamani ruhusa hiyo ilikuwa rahisi mno. Kabla yake, sheria ya mwaka 2011 ilikuwa imewapa wananchi uwezo wa kuiomba halmashauri iandike jengo la mtaa kuwa mali yenye thamani kwa jamii, ili likitaka kuuzwa wapewe nafasi ya kutafuta fedha za kulinunua wenyewe. Sheria hizi ni njema. Lakini sheria haina macho, haina miguu, wala haiwezi kupiga picha usiku. Kama wenyeji wa Maida Vale wangalingoja kuona kwanza mashine mlangoni ndipo waanze kutafuta karatasi, leo wangekuwa wanaonyeshana kwa kidole fleti za watu wengine na kusema, "Hapo zamani palikuwa na baa yetu."

Twarudi basi kwa msomaji wetu. Mwanachama mwenzetu, huenda hujapata kuingia katika baa ya Kiingereza, wala huna haja ya kuingia. Lakini wajua mahali fulani ambapo watu wa mtaa wako hukutana bila kuulizwa cheo: ukumbi, uwanja, soko, mti wenye kivuli, ofisi ndogo ya tawi. Jiulize maswali matatu. Je, kuna mtu aliyeandika mahali hapo ni pa nani, na palianza lini, na pana nini? Je, halmashauri yako yajua kwamba mahali hapo pana thamani kwenu, au mnangoja ijue wakati wa kulia? Na je, mkiambiwa leo kwamba mlango utafungwa siku mbili ili vitu vihesabiwe, yuko mmoja wenu atakayeshtuka?

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Watu wa Carlton Vale waliuona ufa mapema, nao wakauandika. Kwa hiyo siku ukuta ulipoanguka, aliyeangusha ndiye aliyejenga.